Frankenstein ya Royal Ballet: Zimwi Limenikosesha Usingizi, Sehemu ya Kwanza Imenisinzisha

Haya wadau, karibuni. Najua mnasubiri uchambuzi wa ile spika. Utakuja Jumamosi, msinitukane. Leo nimeshika diski hii: Frankenstein, ya Royal Ballet, kundi la baleti la Uingereza, imerekodiwa London 2016. Ndiyo, baleti. We usiondoke! Nipe dakika mbili tu.

Hadithi mnaijua: kijana anashona maiti, anaipa uhai, kisha anaikimbia. Ila wewe unayeandikaga "zimwi Frankenstein", kaka yangu, Victor Frankenstein ndiye aliyelitengeneza. Lenyewe halina jina, huku linaitwa Kiumbe tu. Na si daktari, ni kijana wa chuo tu, tangu kwenye riwaya ya Mary Shelley ya 1818.

Sasa sehemu ya kwanza, jamani! Liam Scarlett, aliyetunga miondoko, anatuzungusha: familia, mapenzi, mama anafariki, chuo, kilabuni wanakunywa... Nilienda kuchemsha chai nikarudi, bado. Halafu umeme unapiga, Kiumbe anainuka, Victor anamwona, anatimua mbio. Pazia! Yaani nimengoja muda wote huo kwa ajili ya kitu cha dakika chache.

Lakini huyu Steven McRae, anayecheza Kiumbe, subirini niwaonyeshe. Kichwa kipara, nguo imembana kama ngozi, mishono kila mahali. Sasa sitazami mishono, natazama mwili. Mcheza baleti anafundishwa tangu utotoni: mgongo wima, mguu unyooke, shingo ndefu. McRae anazo zote hizo, halafu anazivunja makusudi. Mguu unaenda juu vizuri kabisa, kisha ni kama umekumbuka kwamba ulikuwa wa marehemu mwingine. Mnaona? Narudisha. Hapo! Tena.

Na ile dansi ya harusi, sehemu ya tatu. Wageni wanazunguka wawili wawili, wamependeza. Ukitupa jicho katikati yao, Kiumbe yumo. Wakizunguka tena, hayumo. Hakuna ujanja wa kompyuta hapo, ni watu na hesabu za hatua. Nilisimamisha mara nne, mke wangu akachukua rimoti.

Mtaniambia Dracula, ile ya mnyonya damu, ya kundi jingine la Uingereza, Northern Ballet, inatisha zaidi. Sawa, ila Dracula ana kazi rahisi: kumkumbatia mtu na kumng'ata shingo tayari ni dansi. Maiti iliyoshonwashonwa je?

Muziki ni wa Lowell Liebermann, mpya, umeandikwa kwa kazi hii. Unatisha panapotakiwa, lakini sijaondoka na wimbo hata mmoja kichwani. Vaeni spika za masikioni, ile ya televisheni inaumeza.

Bei? Diski yenyewe si mbaya, nauli ya mzigo ndiyo iliyonitoa jasho. Nilisema sinunui tena kitu cha namna hii. Halafu nikafika pale mwisho, Victor na Kiumbe wawili peke yao, Kiumbe anamng'ang'ania kama mtoto anayetaka baba amtazame usoni... Ngoja, niwawekee tena.