Kifaa cha kusikia au kipandikizi cha koklea kwa mtoto wa Kigoma?

Kifaa cha nyuma ya sikio hukuza sauti tu, kwa hiyo koklea (sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti) iwe bado na uhai. Kikinyamaza, chungulia kwanza kimrija: nta au tone moja la jasho linatosha kukiziba. Betri ya zinki ukishaibandua stika, ngoja dakika 1 hewa iingie ndipo uitie. Mtoto akikua, kiziba-sikio (kipande kinachokaa ndani ya sikio) hulegea na kifaa hupiga mluzi, achongewe kiziba kingine.

Kipandikizi huwekwa kwa upasuaji na husisimua neva ya kusikia moja kwa moja kwa umeme. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza upasuaji huo 2017. Mashine huwashwa wiki kadhaa baadaye, kisha hurekebishwa tena na tena, na Dar iko zaidi ya kilomita 1,000 (nauli hiyo wengi huisahau). Kwa kiziwi wa kuzaliwa asiyesaidiwa na kifaa, tungechagua kipandikizi, kabla ya miaka 3.