Studio ya mzee wa Dunda, Bagamoyo: tulimpelekea potifolio mbili atuambie ukweli

Tumelipa elfu hamsini watu wawili, mimi mpiga picha na mdogo wangu modo, kwa kukaa na mzee mmoja mpiga picha kama masaa matatu hivi atuangalizie picha zetu na atuambie zikoje. Hatukwenda kupigwa shuti wala kununua fremu, ni kuangaliwa picha na kuambiwa tu. Najua kuna mtu atashangaa elfu hamsini ya kuangaliwa picha, hata mama alishangaa akasema hiyo si ni kilo nne nzima za samaki changu. Ila nimefikiria wiki nzima na nilichopata pale sijawahi kukipata kwingine, kwahiyo naandika kwa kirefu ili mwenye potifolio yake, yani mkusanyiko wa picha zake bora za kuonyesha watu wa kazi, ajue anaenda kukutana na nini, mazuri na mabaya.

Studio ipo Dunda, ukishika njia ya kwenda baharini unaingia uchochoroni, nyumba ya zamani ya mawe yenye baraza, mlango wa nakshi ulioliwa na chumvi. Bango hana. Muulize bodaboda yeyote akupeleke kwa mzee wa paspoti, wanamjua, maana watu kibao wa hapa mjini picha zao za paspoti na za harusi zimepigwa pale. Kaanza kazi enzi za filamu, chumba cha giza bado anacho kule nyuma.

Kabla ya hapo tulishapita sehemu mbili. Ya kwanza ni wenyewe kwa wenyewe, unaposti picha watu wanakuandikia moto, umetisha, kazi safi. Nawashukuru kwa moyo wote lakini hata ukikusanya moto mia mbili bado hujui picha ya tatu ina shida gani. Ya pili ni ofisi moja ya Dar iliyojiita wakala wa mamodo, sitaitaja, mwaka juzi ilichukua laki tatu na nusu ya mdogo wangu, wakamwambia una sura ya kimataifa, wakampiga picha sitini, wakamsugua ngozi kwenye kompyuta mpaka vinyweleo vikaisha, wakampa flashi na baada ya hapo simu hazipokelewi. Mzee alipoisikia hiyo alinyamaza kidogo akasema, mwanangu, wakala wa kweli anakula asilimia yake kwenye kazi aliyokutafutia, hakutozi mlangoni. Na ndivyo ilivyo, mawakala wengi wakubwa wa nje kwa kuanzia wanataka picha za kawaida tu hata za simu, huna mekapu, umesimama ukutani. Laki tatu na nusu yetu ilikwenda bure.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Alituambia tangu kwenye simu tuje na picha zilizosafishwa kwenye karatasi, sio za kwenye simu, maana kwenye simu unapitisha kidole tu na kila picha inawaka taa, inajipendekeza. Mimi nikaja na 42. Akazitandaza zote kwenye mkeka, akaingia ndani akatoka na punje za mahindi, akanihesabia kumi na tano mkononi, akasema haya weka punje juu ya picha utakazobaki nazo, zikiisha zimeisha. Nilikaa pale karibu nusu saa. Nilikuwa naweka natoa, naweka natoa, jasho linanitoka. Yeye kakaa pembeni anakunywa kahawa hasemi kitu.

Nilipomaliza akaanza na picha moja ya soko la samaki, wavuvi wanashusha samaki alfajiri, nimeipiga nikiwa ndani ya maji mpaka magotini. Akauliza kwanini hii ina punje. Nikaanza kumhadithia nilivyoamka saa kumi usiku, nilivyogombana na mtu wa boti, kamera ilivyonusurika. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akaitoa ile punje taratibu akaniambia mtazamaji hajui uliamka saa ngapi, anaona migongo mitano na hakuna uso hata mmoja. Jamani. Hiyo picha nilikuwa nimeiweka ya kwanza kabisa kwenye potifolio. Nilitaka kubisha na nikabisha kweli, akainua mkono akasema we andika kwanza, utabisha tukimaliza, na ukifika mwisho kama bado una hoja nitakusikiliza. Nikaandika. Tulipofika mwisho sikuwa na hoja.

Alafu ana mtindo mmoja wa kugeuza picha juu chini. Anasema ukiigeuza huoni tena mtu wala bahari, unaona weupe na weusi, jicho linakimbilia pale penye mwanga mkali zaidi, sasa angalia kama hapo ndo ulitaka mtu aangalie. Picha yangu ya mdogo wangu kwenye mlango wa mji mkongwe ambayo naipenda sana, akaigeuza, jicho likaenda moja kwa moja kwenye ndoo nyeupe ya mtu iliyokuwa barazani. Ndoo! Miezi minane nimeiposti kila mahali na mimi sijawahi kuiona.

Lakini kubwa kuliko yote ni ukuta mweupe na ningeomba wapiga picha wenzangu wa hapa Bagamoyo na hata Unguja wasome hapa vizuri maana wote tunapenda kuta za chokaa. Nina picha kama nane za mdogo wangu, ngozi yake ni nyeusi ya kung'aa, kasimama mbele ya kuta nyeupe za majumba ya zamani, na zote ngozi imetoka kijivu hivi, imekufa, nikawa naamini ndo jua letu. Mzee akasema hapana, sio jua, ni kamera umeiacha ijiamulie. Kamera haijui aliyesimama ni nani, inapima mwanga tu na inataka kila kitu kikae katikati, kisiwe cheupe sana wala cheusi sana, sasa ukuta mweupe ukijaa kwenye picha inaona mwanga umezidi inapunguza, na anayeumia ni mtu. Ukifika nyumbani unaupandisha mwanga wa uso kwenye Lightroom, ile programu ya kurekebishia picha, zinatoka chenga, unazifuta chenga kwa kulainisha, na ngozi inakuwa plastiki. Yani makosa matatu yamezaliwa na kosa moja. Dawa yake akasema pima mwanga wa uso, sio wa ukuta, au uongeze stopu moja, yani mwanga mara mbili, hata na zaidi kidogo, ukuta ukiungua, yani ukibaki mweupe mtupu, uache uungue, hakuna aliyekuja kuuangalia ukuta. Na ule mng'ao wa ngozi usiufute, ndo unaoonyesha shavu limekaa wapi, akamwambia mdogo wangu siku nyingine jipake mafuta ya nazi kidogo mabegani na usipake poda. Akatuambia pia kwamba hata zamani kule viwandani ilikuwa hivyo, Kodak, kampuni ya filamu, walikuwa wanatuma kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke wa kizungu na maabara zinarekebisha rangi kwa kufuata ngozi yake, kwahiyo hili la watu weusi kutoka vibaya lina umri mrefu na sio uso wa mtu.

Hapo kwenye uso wa mtu ndo nataka nikae kidogo. Mdogo wangu ana mwaka mzima hapigwi picha bila kushusha nywele mbele, kisa kuna mtu alimwandikia ana komwe. Likamkaa rohoni. Nimebembeleza nimechoka. Mzee alipopitia picha zake akatoa nne, akaziweka pamoja, akaniuliza mimi, sio yeye, hizi ulisimama wapi? Nikasema karibu, kama urefu wa mkono, na lenzi pana, ile inayochukua eneo kubwa. Akamwita mdogo wangu mlangoni, akachukua kamera yangu akampiga moja kwa karibu vilevile, akarudi nyuma hatua kama tano, akavuta lenzi akampiga nyingine, sura ijae vilevile. Akatuonyesha zote mbili. Ile ya karibu paji limetangulia, masikio yamerudi nyuma, pua imekua. Ile ya mbali ni mdogo wangu, yule yule ninayekula naye mezani. Akasema, binti, lile komwe halikuwa lako, ni la kaka yako na miguu yake, angerudi nyuma hatua tano tu. Mdogo wangu aliiangalia ile skrini muda mrefu, akakusanya nywele zote nyuma akazifunga. Mimi nilitoka nje kidogo.

Mnanielewa lakini? Mwaka mzima kabeba lawama ya lenzi. Na ndo maana nasema huyu mzee anajua kazi ya kutoa maoni, kila alichokosoa alisema ni cha nani, hiki cha mwanga, hiki cha mpiga picha, hiki cha aliyechagua picha, na masaa yote matatu hakutamka hata mara moja mnene mwembamba mweusi mzuri mbaya. Cha mdogo wangu mwenyewe alikisema pia na hakukipaka asali. Alimwambia picha 25 ulizoleta, 11 kidevu kipo begani, una pozi moja, huu mkono kila picha unaning'inia kama si wako. Na akamuuliza kwanini kadi yako ya modo, ile ya picha na vipimo, imeandika urefu sentimita 178. Akamvua viatu, akamsimamisha kwenye fremu ya mlango, akaweka rula kichwani, futi kamba ikasema 174. Mtu akikuita kwa 178 ukafika na 174 atajiuliza na mengine umedanganya mangapi, sema 174 yako, kazi za 174 zipo, matangazo, nguo za dukani, harusi. Ile namba iliwekwa na wale wa Dar, ila sisi ndo tuliendelea kuigawa.

Akampiga palepale picha nne za mwanzo zile wanazoita polaroidi, mbele, ubavu, mwili mzima, uso wa karibu, jinzi na singlendi, mwanga wa mlangoni, kope za bandia nje, wigi nje. Wigi mdogo wangu alikataa kwanza. Mzee hakumlazimisha, akamkumbusha tu modo wetu Flaviana Matata alivyokwenda Miss Universe 2007 na kichwa kimenyolewa na akaingia kumi bora. Akalivua.

Mabaya sasa, na niliyamwambia mwenyewe kwahiyo sisengenyi. Moja, tuliambiwa saa nne tukaanza saa sita kasoro, maana mtu wa paspoti akija anaacha kila kitu. Mbili, hakupi maandishi yoyote, usipobeba daftari umekwisha. Tatu ndo iliyoniuma, alianza kumkosoa mdogo wangu pale barazani na kulikuwa na vijana wawili wanasubiri picha zao, aliposema habari ya mkono unaoning'inia mmoja akacheka kwa sauti. Niliona mdogo wangu anavyonywea. Nikamwambia, samahani mzee wangu, mimi nikosoe hata sokoni lakini huyu anayeangaliwa ni mwili wake, naomba tuingie ndani. Mwanzo alikataa, akasema hapa kila mtu anamsikia mwenzie ndo wote wanajifunza, sisi tulifundishwa hivyo. Nikamjibu picha za samaki zinafundisha wote, ila msichana wa miaka kumi na tisa kuambiwa habari za mkono wake mbele ya wanaume asiowajua hapo hasikii tena fundisho, anasikia kicheko. Akaniangalia. Akakusanya picha moja moja, akaingia ndani, akasema mlango urudishe nusu. Na hayo ya komwe na urefu yote yalifanyika humo ndani, pangekuwa barazani sidhani kama mdogo wangu angefunga nywele nyuma. Wakati tunaaga akaniambia lile la baraza nimelichukua. Mtu mzima wa umri ule kuniambia mimi hivyo, nilimshika mkono kwa mikono miwili.

Jumamosi iliyofuata tulirudi mimi na mdogo wangu pwani na kwenye kuta zilezile. Bahari yetu imeangalia mashariki kwahiyo mwanga mzuri wa ufukweni ni asubuhi, jioni jua linazama nyuma ya mji, na asubuhi yenyewe fupi, saa kumi na mbili na nusu umeshapanga, ikifika saa mbili kivuli cha nyusi kimeshaanza kuziba macho. Nilirudi nyuma hatua tano, nikaongeza stopu moja na zaidi kidogo kwenye ukuta, nikaacha uungue. Nilipiga 300 nikabaki na 6. Potifolio yangu sasa ina picha 15, yake ina 12 na polaroidi nne, na kadi mpya inasema 174.

Mkitaka kwenda: elfu thelathini mtu mmoja, hamsini wawili, kusafisha picha pale ni pesa mbali ila hata kwingine ruksa. Mpigie siku moja kabla. Ijumaa mchana usiende, anakuwa msikitini na akirudi hakai na watu. Picha zisizidi hamsini maana zote atazitandaza. Kama wewe ni modo wa kike nenda na mtu wako, na ukifika mwambie mapema tu, mzee wangu naomba tukae ndani. Atakubali.