TAHADHARI: Hedseti za gemu "zenye shida ndogo ya kuunganisha tu"

Wakuu, kama unatafuta hedseti ya gemu isiyo na waya na umekutana na tangazo la "mtumba wa Uingereza, mzima kabisa, ina shida ndogo ya kuunganisha tu, ukiipiga apdeti inakaa sawa", usitume hela. Soma hii kwanza.

Nina banda la gemu Temeke, na watu huniletea hedseti zao kwa kuwa wanajua nina PS5 na kompyuta za kujaribia. Tangu mwaka huu uanze zimekuja za kutosha, kutoka kwa wateja wasiojuana, na wote walinunua kwa mtu mmoja anayeuza kupitia Instagram na WhatsApp. Hana duka. Anasema yuko Kariakoo, lakini ukimwambia unakuja, mzigo unakuwa uko stoo na yeye ametoka, atakuletea bodaboda. Jina la ukurasa sitalitaja kwa sababu analibadilisha kila akishtukiwa. Mbinu ni ile ile, na hiyo ndiyo ya kuijua.

Hedseti yenyewe huwa ni halisi, na hapo ndipo watu wanapoingia mkenge. Unaishika mkononi, jina la kampuni lipo, spika nzuri, sponji haijachanika, ukiiwasha taa inawaka. Kinachokosekana ni risiva, kile kidude kidogo cha USB kinachochomekwa kwenye PS au kompyuta. Huko zilikotoka ilipotea, au ilibaki kwenye kompyuta ya mwenyewe. Hedseti ya gemu bila risiva yake ni mzigo wa bei ya kutupa, na yeye anaununua kwa bei hiyo hiyo ya kutupa. Kisha anaweka kwenye boksi kidude kingine chochote cha USB kinachofanana: mara nyingi ni kile cha Bluetooth cha elfu chache, na mara mbili nimekuta risiva ya mausi. Anauza kwa laki na ushee.

Ni lazima nieleze kwa nini risiva si kitu cha kubadilishana kama chaja, maana hapo ndipo anapowachezea watu. Hedseti nyingi za gemu hazitumii Bluetooth kuongea na mashine. Zinatumia redio ya GHz 2.4 yenye lugha ya kampuni husika, na risiva inafanya kazi mbili: ni redio, na pia ni kadi ya sauti. Ukiichomeka, kompyuta inaona spika mpya na maiki mpya. Sababu ya kufanya hivyo ni kasi. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, mara nyingi karibu 200, kwa hiyo adui anakupiga ndipo unasikia hatua zake. Halafu ukiwasha maiki, Bluetooth ya zamani inashusha ubora wa sauti nzima hadi unasikia kama uko kwenye simu. PS5 ndiyo kabisa, haipokei hedseti ya Bluetooth moja kwa moja, na Xbox vilevile. Sasa mtu aliyeuziwa hedseti ya PS5 pamoja na kidude cha Bluetooth ataunganisha nini na nini?

Ushahidi wake wa kwanza ni video. Anawasha hedseti, taa inapepesa, anaandika "inawaka fresh". Taa kupepesa bila kutulia ndiyo dalili kwamba hedseti inamtafuta mwenzake na haimpati! Ushahidi wa pili ni muziki: anakupigia video hedseti ikiwa sikioni na wimbo unasikika. Angalia vizuri, kuna waya wa milimita 3.5 umeingia kwenye simu, au ni ile modeli yenye Bluetooth ya pembeni kwa ajili ya simu. Kazi uliyoinunulia haijajaribiwa.

Ukishalipa na ukalalamika, hakatai. Anakuwa mpole kuliko ulivyotarajia. "Pole kaka, hizo za nje zinasumbuaga connection, nakupa namba ya fundi wangu." Fundi anataka elfu 25 ya "kuoanisha". Ukituma, anakuelekeza uweke kwenye kompyuta yako programu ya kumruhusu aiendeshe akiwa mbali, au anakutumia faili la zipu analoliita draiva. Kijana mmoja wa Mbagala alikubali yote mawili, na wiki hiyo hiyo akaunti yake ya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ikaanza kufunguliwa na mtu mwingine. Siwezi kuapa kwamba ni fundi yule, lakini sikuhitaji kuapa kumwambia abadilishe nywila zote na aisafishe ile kompyuta upya. Programu halali za hizi hedseti ni za bure na zinatoka kwa watengenezaji wenyewe: Logitech wana G HUB, SteelSeries wana GG, Razer wana Synapse, HyperX wana NGENUITY. Hakuna apdeti ya hedseti inayohitaji mtu mwingine aingie kwenye kompyuta yako. Hakuna.

Sasa, namna ya kumkamata kabla hela haijatoka. Kama mnaonana, beba laptopu, au simu ya Android na kiunganishi cha OTG (kile cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu). Zima hedseti kabisa, chomeka risiva peke yake. Kwa modeli nyingi, kompyuta itaonyesha kifaa kipya cha sauti hata kama hedseti imezimwa, kwa sababu kadi ya sauti iko ndani ya risiva. Kikitokea kifaa cha Bluetooth badala ya sauti, au kisipotokea chochote kwenye orodha ya spika, mazungumzo yameisha. Kisha washa hedseti, taa itulie, cheza wimbo, na ukiwa unasikia chomoa risiva. Sauti inatakiwa ikatike pale pale. Ikiendelea, basi ilikuwa inatoka kwenye njia nyingine. Aliye mkoani anayetegemea kutumiwa mzigo kwa basi amwombe muuzaji afanye jaribio hilo hilo kwenye simu ya video, moja kwa moja, si video iliyorekodiwa. Huyu wetu huwa "bando limeisha" muda huo huo.

Wenye kupenda kuchimba zaidi: kwenye Windows fungua Device Manager, bofya kulia kwenye kile kidude, chagua Properties, nenda Details, halafu Hardware Ids. Utaona VID, yaani kitambulisho cha mtengenezaji, ikifuatiwa na herufi au tarakimu nne za kampuni. 046D ni Logitech, 1038 ni SteelSeries, 1532 ni Razer, 1B1C ni Corsair, 054C ni Sony. HyperX za zamani zinaonyesha 0951 ya Kingston na mpya zinaonyesha 03F0 ya HP, kwa kuwa HP waliinunua HyperX mwaka 2021, kwa hiyo usimtuhumu mtu bure kwa tofauti hiyo. Ukiona 0A12, hicho ni kidude cha Bluetooth chenye chipu ya kampuni ya CSR, au kinachojifanya CSR. Kopi zake zimejaa kiasi kwamba hata watengenezaji wa Linux waliandika kanuni maalumu za kuzitambua. Namba hizi peke yake hazitoshi. Risiva ya mausi ya Logitech nayo inaandika 046D, na ndiyo maana jaribio la kifaa cha sauti linakuja kwanza.

Anauza pia uongo mwingine mdogo: "inafanya kazi PS na Xbox zote". Xbox inataka kifaa kilichoidhinishwa kwa ajili yake. Risiva ya toleo la PlayStation ukiichomeka kwenye Xbox haitatoa sauti, hata ukiiombea. Zipo modeli zinazofanya kote, nyingine zina swichi pembeni ya risiva, lakini hilo linasomwa kwenye boksi na namba ya modeli, si kwenye maneno ya muuzaji.

Nisieleweke vibaya, matatizo ya kweli ya kuunganisha yapo, na nisingependa mtu mwenye hedseti nzima aitupe au amtukane muuzaji mwaminifu. Kama risiva ni yake na sauti inakatika-katika, kwanza angalia ulipoichomeka. Poti za USB 3, zile ambazo mara nyingi ni za bluu, na hasa zikiwa na diski ya nje imechomekwa jirani, hutoa kelele kwenye masafa ya GHz 2.4, Intel walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Hamishia risiva poti ya USB 2, au tumia waya wa kurefusha USB uilete juu ya meza, ionane na kichwa chako. Kwenye banda langu waya huo ndio uliomaliza kesi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Rauta ya Wi-Fi iliyokaa nyuma ya televisheni nayo inagombania masafa hayo hayo, kwa hiyo isogeze, au weka mashine yako kwenye GHz 5.

Kama haikamati kabisa, chaji hedseti ijae, kisha iunganishe upya na risiva. Modeli nyingi zina kitundu kidogo kwenye risiva cha kubonyezwa kwa pini huku hedseti ikiwa kwenye hali ya kutafuta. Hatua kamili ziko kwenye tovuti ya kampuni kwa kila modeli. Inakamata lakini kimya? Angalia Windows imechagua spika gani. Baadhi ya hedseti hujitokeza kama vifaa viwili, kimoja cha gemu na kimoja cha maongezi, na ukichagua kisicho chako unaweza kudhani imekufa. Ikizima kila baada ya muda, kwenye Device Manager ondoa ruhusa ya kompyuta kuzima poti ya USB ili kuokoa umeme.

Kwa aliyeshalizwa: usimtumie fundi wake hata senti. Hifadhi mazungumzo yote, tangazo lenyewe, na ujumbe wa muamala wenye jina lililosajiliwa, kabla hajakublock na kufuta picha. Pigia huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia kutuma hela, mapema iwezekanavyo, maana zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirudisha. Namba yake itume kwa SMS kwenda 15040, ile ya TCRA ya kuripoti matapeli. Nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako. Wizi wa namna hii unaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na malalamiko ya watu kadhaa dhidi ya namba moja yana uzito kuliko la mtu mmoja. Wawili kati ya walioniletea wamekubali kwenda pamoja.

Hedseti yenyewe usiitupe. Kama ina tundu la milimita 3.5, weka waya na uichomeke kwenye padi ya PS5. Utasikia na kwa modeli nyingi maiki itafanya kazi pia. Risiva ya peke yake inaweza kupatikana kwa baadhi ya modeli, lakini kabla ya kuinunua hakikisha ni ya modeli ile ile na kwamba kampuni inaruhusu kuiunganisha upya nyumbani, kwa sababu si zote zinazoruhusu.

Kwa sasa ukurasa wake mpya unauza pia padi za PS5 "zenye drift ndogo" (kijiti kinachojisogeza chenyewe), na fundi anayependekezwa ana namba ile ile.