Mfuniko wa wavu wa kufunikia mapipa ya maji: nimeutumia masika yote

Mtaani kwetu Jang'ombe, mjini Zanzibar, maji ya bomba hutoka kwa zamu, na mara nyingi hutoka usiku wa manane, kwa hiyo ni shida kuikuta nyumba isiyo na pipa au tangi la akiba uani. Kwetu yapo mapipa matatu ya bluu ya lita 200 ambayo mifuniko yake ilipotea zamani, na kwa miaka mingi tulikuwa tukiyafunika kwa vipande vya bati vilivyowekewa tofali juu. Mwezi wa Machi, kabla mvua za masika hazijakolea, nilinunua kwa fundi cherehani mmoja wa Darajani mifuniko mitatu ya wavu ya kuzuia mbu, iliyotiwa mpira ukingoni, kila mmoja kwa shilingi 5,000. Sasa mvua zimekatika, naweza kueleza inafaa kwa lipi na haifai kwa lipi.

Kilichonipeleka dukani ni bakuli. Mama alichota maji ya kuoshea mchele kwa bakuli jeupe, akalisogeza penye mwanga, kisha akaniita. Ndani mlikuwa na viluwiluwi vya mbu saba au vinane vikining'inia kichwa chini, na kivuli cha mkono wangu kilipopita juu yavyo, vyote vikajinyonganyonga na kuzama hadi kwenye kitako cha bakuli. Maji yenyewe yalikuwa maangavu, hayana harufu wala takataka. Wengi wetu tunaamini kwamba mbu huzaliwa kwenye maji machafu tu, na ni kweli kwamba yule anayetupigia kelele masikioni usiku hupenda makaro na mashimo ya vyoo. Lakini yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, hutaga kwenye maji masafi yaliyomo vyomboni, tena huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa juu ya kitanda.

Mfuniko wenyewe ni wavu mzito wa nailoni wenye matundu madogo, uliokatwa duara, ukapindwa na kupitishiwa mpira wa upana wa kidole. Huvutwa juu ya mdomo wa pipa kama kofia inavyovaliwa. Ubora wake mkubwa ni kwamba maji ya mvua yanayoshuka kutoka kwenye mchirizi wa paa hupita moja kwa moja bila ya mtu kuufunua. Bati lilikuwa lazima liondolewe kila mvua inapoanza, na usiku nani ataamka kulirejesha? Pipa hulala wazi, na mbu hahitaji zaidi ya hapo.

Hata hivyo, wiki mbili za kwanza nilivunjika moyo, kwa sababu viluwiluwi vilionekana tena chini ya wavu uliofungwa vizuri. Nilikuwa nimefunika mapipa bila ya kuyasugua. Mbu huyu hagandishi mayai yake katikati ya maji, bali huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa kisha yakaanguliwa siku maji yanapopanda na kuyafikia. Nilimwaga maji yote kwenye ardhi kavu, nikasugua kuta za ndani kwa makumbi na sabuni, hasa ule mstari wa ukungu karibu na mdomo, nikasuuza na kufunika upya. Tangu hapo nimekuwa nikikagua kila Ijumaa kwa bakuli lile lile, kwa kuwa yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10, na mapipa mawili hayajaonesha hata kiluwiluwi kimoja.

La tatu ndilo lenye lawama. Linapigwa na jua kutwa, na kabla ya mwezi wa Mei kwisha mpira wake ulikuwa umechoka, wavu ukalegea hadi ukagusa maji, na kitambaa kilicholowa ndiyo mahali mbu huyu anapopenda kutaga. Nilipourudisha, fundi aliniambia, "Dada, mnalijaza pipa mno." Sikukubaliana naye, kwani pipa ni la kujazwa, lakini nashukuru kwamba aliung'oa mpira na kutia kamba ya kukazia bila ya malipo, na hiyo imeshika hadi leo.

Asidanganyike mtu kwamba kwa mfuniko huu amemaliza kazi ya mbu, maana karo haligusi. Kwa mashimo, naikumbuka kazi iliyofanyika Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980: vyoo vya shimo vyenye maji vilimwagiwa chembe nyepesi za polisitirini, nyeupe kama zile zinazofungashiwa televisheni, zikatanda juu ya maji hata mbu akakosa pa kutaga na viluwiluwi vikakosa pa kuvutia pumzi, huku watu wakipewa dawa ya matende, ugonjwa unaoenezwa na mbu hao wa mashimoni. Natamani fundi huyo au mwengine auze na chembe hizo.

Anayekwenda kununua apime kwanza mzunguko wa mdomo wa pipa lake kwa uzi, aubebe uzi huo hadi dukani, na aagize kamba badala ya mpira tangu mwanzo.