Siti ya umeme iliyogoma: uzoefu wangu na fundi wa Mafiati, Mbeya

Kwa wiki tatu niliendesha gari nikiwa nimeegemea mto wa kulalia. Mimi ni mfupi, siti ya dereva ilikuwa imegoma ikiwa nyuma kabisa, na breki nilikuwa naifikia kwa ncha ya vidole. Nakaa Uyole, nafundisha upande wa Inyala. Anayeijua barabara ile anajua malori yanavyoshuka pale. Kila asubuhi niliomba Mungu nisilazimike kukanyaga breki ghafla.

Ilianza mdogo wangu alipoazima gari kwenda Kyela. Yeye ni mrefu, akairudisha siti hadi mwisho, jambo la kawaida. Kesho yake nikabonyeza swichi niisogeze mbele. Ikaja kama upana wa kidole kimoja, ikasimama, kisha nikasikia mlio wa kukwaruza chini yangu. Nikaendelea kushikilia swichi nikidhani italegea yenyewe. Kama kuna kitu kimoja natamani ningekijua siku ile, ni kuiachia swichi palepale.

Gereji ya kwanza niliyokwenda siitaji. Kijana aliinama, akamulika tochi ya simu, akachomoa plagi mbili chini ya siti huku ufunguo ukiwa umewashwa, akazirudisha, akasema mota imekufa. Dawa yake ilikuwa kuagiza siti nzima iliyotumika, ya kuchomoa kwenye gari jingine, kutoka Dar, shilingi 650,000 pamoja na ufundi. Hakupima kitu hata kimoja. Na nilipoondoka pale, taa nyekundu ya mfuko wa hewa, ile ya eabegi, ilikuwa inawaka kwenye dashibodi. Haikuwepo nilipoingia.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa fundi rewaya mmoja, yaani fundi wa umeme wa magari, pale Mafiati. Hana kibao wala jengo, ana turubai, meza na kasha la vifaa lililopangwa vizuri kuliko kabati langu la darasani. Nilifika saa mbili asubuhi, Juni ile, baridi ya kukata masikio.

"Shikamoo mama. Ingia ukae, bonyeza mbele, halafu bonyeza nyuma. Usishikilie."

Nikabonyeza. Yeye alikuwa amepiga magoti, sikio karibu na reli ya siti. Akasema tena, nikabonyeza tena. Akahamia upande wa pili wa gari akasikiliza kutokea huko. Kisha akasimama: "Mota ni nzima mama. Inazunguka. Ila upande mmoja haupati."

Sentensi hiyo ilikuwa imeniokolea laki kadhaa, na bado hakuwa ameshika spana. Hata hivyo alipima. Alichomeka ncha za mita kwenye plagi ya mota bila kuichomoa, nikabonyeza mbele ikasoma volti 12.3, nikabonyeza nyuma ikasoma 12.3 yenye alama ya kutoa. Akanieleza kwamba mota ni ileile moja, swichi inachofanya ni kugeuza njia ya umeme ili izunguke upande mwingine. Kama mita ingekaa kimya, angeanza kutafuta kwenye fyuzi, swichi au waya wa bodi. Kama umeme ungefika na mota ikakaa kimya, hapo angeilaumu mota. Nimefundisha miaka mingi, na najua mtu anayeelewa kitu anavyokieleza.

Kwenye siti yangu mota ya kusogeza mbele na nyuma imekaa katikati. Inatoa kebo mbili, moja kulia na moja kushoto, na kila kebo inazungusha gia ndogo kwenye reli yake. Kebo moja ikiteleza, reli moja inakwenda na nyingine inabaki, siti inakaa upogo na kubana. Ndicho kilichokuwa kimetokea.

Kazi ngumu ilikuwa kuitoa. Siti imefungwa kwa bolti nne, mbili mbele na mbili nyuma, na ikiwa nyuma kabisa zile za nyuma zinafunikwa. Huwezi kuifungua mpaka uisogeze, na haisogei. Alichomoa kebo zote mbili kwenye gia, akachonga kipande cha chuma kuwa pembe nne, akakiingiza kwenye tundu la gia na kuzungusha kwa mkono. Mizunguko ishirini kushoto, ishirini kulia, ishirini kushoto. Siti ilikuwa inakuja mbele taratibu mno, huwezi kuona ikisogea mpaka uangalie alama ya chaki aliyoichora kwenye zulia. Ilimchukua karibu saa nzima.

Kabla ya kunyanyua siti alifungua waya wa hasi wa betri, akatazama saa yake, akasema tusubiri dakika moja na nusu. Ile plagi ya njano chini ya siti ni ya eabegi, na mfumo wake unabaki na chaji kwa muda mfupi hata betri ikishatolewa. Ndipo nikaelewa taa yangu nyekundu ilitoka wapi: ukichomoa plagi ile ufunguo ukiwa umewashwa, kompyuta ya gari inaandika kosa na kulitunza.

Siti ilipotoka, tukaona. Ndani ya reli ya kushoto kulikuwa na kokwa ya parachichi, imekauka, imebanwa na tope gumu jekundu. Matunda yale nayaleta kila Jumamosi nikitoka kwa mama Tukuyu, na bila shaka mtoto mmoja alikula akaangusha. Kokwa ilizuia reli, mimi nikashikilia swichi, mota ikaendelea kuvuta, kebo ikajisaga.

Fundi aliweka kebo zote mbili kwenye kiganja chake nizione. Ncha ya kebo nzima ilikuwa na pembe nne zilizonyooka, unene wake kama njiti mbili za kiberiti zilizobanwa pamoja. Ile nyingine ilikuwa imelika pembe, laini na duara kama penseli iliyochakaa, kwa urefu wa milimita chache tu. Baada ya hapo pembe zilikuwa safi. Kwa hiyo alikata kipande kidogo cha ganda la nje kwa jino la msumeno, ili ile sehemu isiyolika ifike ndani ya gia. Alisema wazi kwamba hilo linafanyika mara moja. Ikilika tena, ni kutafuta kebo nyingine.

Akasafisha reli kwa brashi na mafuta ya taa, akapaka grisi mpya, akazipeleka reli zote mbili mpaka mwisho zilingane kabla ya kuunganisha kebo. Aliniambia mafundi wengi wanaruka hatua hiyo, siti inarudi na upogo uleule.

Gharama: ufundi shilingi 45,000, na 20,000 nyingine kwa rafiki yake mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari aliyekuja kufuta lile kosa la eabegi. Taa ilizima na haijarudi.

Yasiyonifurahisha nayasema pia. Aliahidi kazi ya muda wa saa mbili tu, nikaondoka saa kumi jioni. Klipu moja ya plastiki ya pembeni ilikatika, akaifunga kwa waya, inashika lakini inaonekana. Risiti hana, niliomba akaniandikia kwenye karatasi ya daftari. Kama unahitaji ofisi ikurudishie gharama, ujue hilo. Pamoja na hayo ningemrudia kesho, na nimeshampelekea watu wawili.

Sasa ni mwezi wa nne tangu aitengeneze. Asubuhi za baridi siti ilikuwa inakwenda polepole kidogo kuliko mchana, nikamrudia, akasema ni grisi kuwa nzito, nisihofu mradi sauti ni moja kwa pande zote. Jumapili mdogo wangu aliazima gari tena. Nilimwonyesha swichi kabla ya kumpa ufunguo, nikamwambia ikigoma aachie hapohapo na kuangalia chini. Alirudi usiku, siti ikiwa nyuma kabisa kama kawaida yake. Asubuhi nikakaa, nikabonyeza, ikaja mbele kwa mlio mmoja ulionyooka mpaka unyayo wangu wote ukalala juu ya breki.