Utepe wa butili kwenye kempa ya pikapu: uzoefu wangu baada ya kuziba paa upya

Nimeutumia utepe huu wa butili, yaani mpira laini unaonata wa kuzibia maji, kwenye kempa ya pikapu (chumba cha kulala kinachobebwa mgongoni mwa gari) yenye paa la kuinuka na kiunzi cha mbao: ukingo wote wa paa, madirisha mawili, matundu mawili ya hewa na fremu ya mlango. Naupa nyota nne kati ya tano. Kwa kazi hii sijaona kinachoushinda, ila una masharti yake, na asiyeyajua ataulaumu bure.

Ninaouzungumzia ni wa kijivu, upana milimita 19, unene milimita 3, urefu wa mita 9 hivi kwa roli moja, wenye karatasi upande mmoja. Kabla hujanunua roli zote, nunua moja uijaribu. Kata kipande cha urefu wa kidole, shika ncha zote mbili, vuta polepole. Butili halisi hurefuka, huwa nyembamba, huwa uzi, ndipo hukatika. Kipande kikikatika mapema kama udongo wa kufinyangia, huo ni utepe wa mastiki. Nao huuzwa karibu na butili, kwa rangi ileile na upana uleule, lakini hukauka baada ya muda, hupasuka na kupitisha maji. Nyota ya tano imepotea hapo: maandishi ya kwenye paketi hayamsaidii mnunuzi kutofautisha.

Kwa nini butili na si silikoni? Kempa husukwasukwa barabarani, kiunzi hujipinda, na bati la alumini hutanuka juani na kusinyaa usiku. Butili haigandi, hubaki laini na kufuata mwendo huo. Silikoni hugeuka mpira. Ikibanduka upande mmoja tu, maji hupenya na kubaki nyuma yake, yakiilowesha mbao hata siku ambazo mvua hainyeshi. Tena huacha utando mwembamba ambao hakuna kinachoshika juu yake, hata silikoni mpya. Ukikuta kempa iliyopakwa silikoni huko nyuma, hesabu kwamba muda mwingi utakwenda kwenye kuikwangua tu: wembe kwanza, kisha dawa ya kuondolea silikoni, kisha msasa mwepesi mpaka uone chuma kitupu.

Kiasi cha kununua kinapigiwa hesabu kwa urefu wa kingo zote. Paa la mita 2 kwa 3.6 lina mzunguko wa mita 11.2. Madirisha mawili ya sentimita 60 kwa 45 ni mita 4.2, matundu mawili ya hewa ya sentimita 36 kila upande ni karibu mita 3, na mlango wa sentimita 65 kwa 150 ni mita 4.3. Jumla ni karibu mita 23, kwa hiyo roli tatu zinatosha na kubakiza kidogo. Lakini kama ubavu wa kempa ni bati lenye migongo, ongeza roli moja: kwenye mabonde lazima uweke tabaka mbili, la sivyo utepe hugusa migongo tu na kuacha vijia vya maji chini yake.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita. Utepe huu huziba pale tu unapobanwa, na kinachoubana ni skrubu iliyoshika mbao nzima. Mbao ikiwa imeoza, skrubu huzunguka bure, ukanda wa alumini wa kona haukazi, na butili hata iwe bora vipi inabaki imelala tu pale. Kwa hiyo unapofungua ukanda, iangalie kila skrubu inayotoka. Iliyotoka kavu na inayong'aa haina shida. Yenye kutu shingoni inaonyesha maji yameingia kupitia kichwa chake. Yenye ncha nyeusi iliyogandamana na unga wa mbao inakwambia kwamba uozo umefika ndani. Hapo chukua msharasi uichome mbao kila sentimita 5 kuelekea pande zote mbili, mpaka ufike panapokataa kupenya.

Kipimo cha unyevu cha pini mbili husaidia sana hapa. Mbao iliyo juu ya asilimia 20 usiifunike; iache wazi ipigwe hewa mpaka ishuke chini ya 15. Ukiiziba ikiwa mbichi, umeufungia unyevu ndani pamoja na kuvu. Sehemu iliyooza ikate yote, uunge mbao mpya kwa kiungo cha nusu kwa nusu (kila kipande kinachongwa nusu ya unene ili vilaliane) na gundi ya poliyurethani isiyoingiza maji. Tahadhari: gundi zenye viyeyusho huyeyusha povu la polistireni lililo kati ya kuta, hivyo soma maandishi ya kopo kwanza. Tundu la skrubu lililolegea katika mbao ambayo bado nzima lijaze kijiti cha mbao ngumu chenye epoksi, kiache kikauke, kisha toboa upya. Badilisha skrubu zote za zamani kwa za chuma kisichoshika kutu.

Kutoa mabaki ya zamani: kipuliza hewa moto kwa joto la chini na kikwangulio cha plastiki. Usikae na moto mahali pamoja, kwani povu lililo nyuma ya bati halistahimili hata joto la maji yanayochemka. Kwenye alumini malizia na tapentaini nyepesi, kisha spiriti, kisha kitambaa kikavu. Kama paa ni la mpira wa EPDM, achana kabisa na viyeyusho vya petroli; mpira huo huvimba na kubanduka kwenye plaiwudi.

Katika kubandika, weka utepe upande wa ukanda au fremu, si kwenye ukuta. Ulaze bila kuuvuta, maana ukiuvuta unakuwa mwembamba na milimita 3 zako zimekwisha. Maungio yapishane sentimita 1, na kwenye dirisha yakae chini, yasikae ukingo wa juu. Karatasi itoe mwishoni kabisa. Funga skrubu kuanzia katikati kwenda ncha, na mzunguko wa mwisho ufanye kwa bisibisi ya mkono. Drili ya kugonga hukaza kupita kiasi: butili yote hukamuliwa nje, na chuma hugusa chuma. Unachotaka kuona ni mstari mwembamba wa kijivu uliochomoza sawasawa pande zote. Palipo na pengo kwenye mstari huo, hapajazibika, fungua uongeze.

Kwenye baridi, chini ya nyuzi 10 hivi, utepe huwa mgumu na haushiki. Weka roli mahali pa joto kabla ya kuanza. Kesho yake rudi kwenye kila skrubu uikaze robo mzunguko, kwa sababu butili huendelea kutambaa ikibanwa. Hatua hii usiiruke. Kinachochomoza kikate kwa kikwangulio cha plastiki. Mabaki madogo yaondoe kwa kudonyoa na kidonge cha butili hiyohiyo, kinayabeba bila kuchafua.

Butili peke yake haitoshi kwenye paa. Vichwa vya skrubu na ukingo wa matundu ya hewa vinahitaji silanti ya paa (dawa ya kuziba ya kwenye tyubu) inayojisawazisha yenyewe. Mstari wa upana wa milimita 40 na unene wa milimita 3 hula tyubu ya mililita 300 kwa kila mita 2.5. Kwenye kuta zilizosimama tumia aina isiyotiririka. Chini ya madirisha acha vitundu vya kutolea maji wazi. Ukiviziba, maji ya kwenye reli yatafurikia ndani. Turubai la kuinuka nalo usilitibu kwa utepe huu: hauna cha kuubana pale, na hushika uchafu.

Funga ukanda wa plastiki unaofunika skrubu za kona bila kuuvuta, kwani husinyaa kwa miaka na kuacha skrubu za mwisho wazi; acha ziada ya sentimita 2 kila ncha. Halafu pima kwa bomba la maji ya kawaida, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Anza chini, panda polepole, kila sehemu dakika kadhaa kabla ya kuhamia ya juu yake. Ukianzia juu, maji yatatelemka kotekote na hutajua yameingilia wapi.