Sendika yetu kwenye mazungumzo ya mshahara: tathmini ya mwanachama, Lubumbashi

Mchango wa sendika hii, yaani chama chetu cha wafanyakazi, unakatwa kwenye mshahara wangu kila mwezi kabla pesa haijanifikia mkononi, kwa hiyo naona ni haki kuipima kama huduma nyingine yoyote ninayoilipia. Sitaitaja jina, wala karakana ya Kampemba ninakofanya kazi, kwa sababu nitakayoyaeleza yatatambuliwa na wafanyakazi wa kampuni nyingi zinazohudumia migodi.

Katika matatizo ya mtu mmoja mmoja, wajumbe wetu ni wa kutegemewa. Mchomeleaji mmoja alipokataliwa bili ya hospitali ya mtoto wake, walikwenda kwa mkuu wa wafanyakazi siku ileile wakiwa na Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002, inayomtaka mwajiri agharimie matibabu ya mfanyakazi na familia yake, na bili ikalipwa. Kwa hilo nawashukuru.

Mshahara ni habari nyingine. Mwaka 2023 dola ilipanda kutoka karibu faranga 2,000 hadi zaidi ya 2,500, na sisi tunaolipwa kwa faranga tuliona mfuko wa unga wa mahindi ukitukimbia sokoni mwezi baada ya mwezi. Tulichoomba kilikuwa wazi: mshahara wa msingi uongezwe. Wajumbe waliingia kwenye mazungumzo, na nilipomuuliza mmoja wao wamefikia wapi, alinijibu, «Papa, mutuache kwanza tusaini, halafu tutawaeleza.» Baadaye tulikuta makubaliano yamebandikwa getini, yameshasainiwa.

Nyongeza ilikuwepo, siwezi kuikana. Lakini kwenye karatasi ya malipo mstari wa mshahara wa msingi haukusogea hata faranga moja. Fedha zote ziliwekwa kwenye posho za usafiri na nyumba. Wengi walifurahi kwa sababu jumla iliyoandikwa mwisho wa karatasi ilikuwa imekua, na hapo ndipo sendika ilipopaswa kusema ukweli wote. Kisheria, posho ya usafiri na posho ya nyumba hazihesabiwi kuwa sehemu ya ujira. Michango ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii unaolipa pensheni, ambayo mfanyakazi anatoa asilimia 5 na mwajiri asilimia 13, haikokotolewi juu ya posho hizo, na mtu akiachishwa kazi, hesabu yake ya mwisho inafuata ujira, si posho. Mwajiri ametoa fedha leo na kuokoa nyingi zaidi kesho, na mzee anayebakiza miaka michache kustaafu hakuongezewa chochote kwenye pensheni yake. Hili linaniuma kuliko kiasi chenyewe cha nyongeza.

Siamini kwamba wajumbe walinunuliwa. Naamini waliingia bila hesabu na bila kututuma rasmi, maana hakukuwa na mkutano wa wanachama kabla ya mazungumzo. Walipoambiwa kwamba kampuni inalipa juu ya kima cha chini cha taifa, walinyamaza, ingawa kima hicho cha faranga 7,075 kwa siku kiliwekwa mwaka 2018 na kilikuwa hakijabadilika. Pia hawakuthubutu kupeleka mgogoro kwa mkaguzi wa kazi wa serikali, ambako usuluhishi huanzia. Sheria inadai usuluhishi na upatanishi vipitiwe kwanza ndipo mgomo uwe halali. Sendika isiyogusa hata hatua ya kwanza inamwonyesha mwajiri kwamba hana la kuogopa. Katika mji huu, ambako wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi ya ukoloni wa Wabelgiji, waliodai nyongeza walipigwa risasi Desemba 1941, na kiongozi wao Léonard Mpoyi akafa pamoja nao, njia hiyo ya halali iliyo mikononi mwetu leo haipaswi kuachwa bila kutumiwa.

Je, nawashauri wengine wajiunge? Ndiyo, kwa sababu bila mjumbe yule mchomeleaji angelipa bili mwenyewe. Lakini kabla ya kusaini fomu, omba kuona makubaliano ya mwisho ya mshahara waliyoyapata, uangalie nyongeza iliingia kwenye mstari upi, na uulize kama wanachama waliyasoma kabla hayajasainiwa. Mimi nimebaki mwanachama, na katika uchaguzi ujao wa wajumbe kura yangu ni ya mgombea atakayekubali kubandika madai yetu getini kabla ya kuingia ofisini kwa mwajiri.